Cheti cha Asili ya Damu

Benchi lenyewe ni ubao wa mvule uliolazwa juu ya matofali na kuegemezwa kwenye ukuta wa stoo ya saruji, mtaa wa Sofia, Busia, upande wa Uganda, karibu na mahali ambapo malori yanayokwenda Kenya hupanga foleni na madereva wake huzeeka. Mbele yake huwa pana jiko la makaa, na juu ya jiko birika la Benedeta, ambaye kahawa yake ya tangawizi inasifiwa pande zote mbili za mpaka. Watu watatu huketi hapo kila asubuhi kwa haki ambayo hakuna aliyewapa na hakuna aliyewahi kuipinga. Wa kwanza ni Chrispinus, Mkenya, mkimbiza makaratasi wa wakala mmoja wa forodha, anayeitwa Transit kwa sababu kila jambo duniani, ndoa na vifo vikiwemo, yeye huliona kuwa mzigo unaosubiri muhuri. Wa pili ni Imalingat, dalali wa mbuzi na muuzaji wa dawa za minyoo ya mifugo, anayeitwa Daktari na watu wasio na mifugo. Wa tatu ni Okedi wa Mella, anayeitwa Wakili. Okedi alisoma sheria Kampala akapata shahada, akaishia hapo bila kufika kwenye joho la uwakili, na sasa huwaandikia watu mikataba ya viwanja. Shule ile ilimwachia tabia moja: hakubali kwamba mvua imenyesha mpaka aone matope, na akiyaona matope huuliza kwanza kama hakuna mtu aliyemwaga maji.

Asubuhi hiyo Benedeta alijaza vikombe vitatu, kisha akaliweka birika chini badala ya kulirudisha jikoni. Watatu wale wakatambua kwamba kuna jambo.

— Leo nafunga saa nne, alisema. Pikapu ya parokia inapeleka viti vya harusi Tororo, nimeomba lifti. Naenda kutoa damu.

— Damu ya nani, Mama Nerima? aliuliza Imalingat.

— Ya Akullo. Jana jioni amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, analia kama honi. Mama ndiye amemwaga damu nyingi, na pale hospitali chupa zimekwisha. Wanataka watu watatu. Mimi ni mmoja.

Transit alikitoa kikombe mdomoni.

— Akullo yupi? Si ule mwenzako?

— Ndiye huyo.

Hapo palihitaji kutafakari. Akullo alikuwa mke wa pili wa Okochi, na Benedeta wa kwanza. Benedeta alikaa mjini na birika lake. Akullo alikaa Buteba na shamba, kuku na mama mkwe. Kwa elimu yote ya benchi lile, mke mwenza alikuwa mtu ambaye humwombei mabaya hadharani, na hapo ndipo wajibu wako kwake ulipokoma.

— Na Okochi mwenyewe? aliuliza Okedi. Mume ndiye mhusika wa kwanza.

— Yeye ndiye aliyelazwa kitandani wa kwanza. Alipoiona sindano akazimia, akamwangukia nesi. Sasa nesi naye amepewa mapumziko.

— Kwa hiyo mnahitaji wawili zaidi, alisema Okedi, ambaye alipenda idadi iwekwe wazi kwenye kumbukumbu.

— Wawili zaidi. Buteba waliobaki ni wazee na watoto. Nimeanzia hapa kwa sababu nyinyi nawaona kila siku kuliko ninavyomwona mume wangu. Okochi amenipigia simu alfajiri: alimuuliza daktari wa wodi kama Akullo anaweza kungoja hadi kesho. Daktari aliangalia chini.

Wanaume watatu nao wakaangalia chini, kila mmoja ndani ya kikombe chake. Benedeta akaanza kupangusa meza.

— Jambo hili, alisema Okedi hatimaye, lijadiliwe kwa utaratibu.

— Mimi manze ningetoa saa hii, alisema Transit. Si uongo. Shida ni mpaka.

— Mpaka gani? aliuliza Okedi. Wewe uko Uganda tayari.

— Mimi niko Uganda. Damu yangu je? Nimelala Kenya, nimeamka Kenya, nimevuka saa moja. Damu ikiwa ndani ya mtu, hiyo ni mzigo wa mkononi, hakuna msee wa forodha anakuuliza. Ikitoka tu ikaingia kwa chupa, imekuwa bidhaa. Bidhaa ya Kenya, iko ndani ya Uganda, haina karatasi hata moja. Iko wapi cheti cha asili? Sasa nesi akishikwa nayo?

Okedi alilipima dai hilo. Lilikuwa la kipumbavu, lakini halikuwa na kasoro ya kimantiki, na upumbavu usio na kasoro ulikuwa udhaifu wake mkubwa.

— Asili ya bidhaa, alisema, ni mahali ilipotengenezwa, kwa kuzingatia malighafi. Damu yako imetengenezwa kwa malighafi gani?

— Chakula.

— Cha wapi?

Transit alihesabu kwa vidole.

— Asubuhi chai na mandazi kwa mama watoto, Kenya. Mchana nakula huku. Muhogo, samaki, Ijumaa matoke. Jioni ugali, Kenya.

— Na kahawa hii?

— Vikombe vitatu. Uganda.

— Na chakula cha mchana unakisagia wapi tumboni?

— Hapa kwa benchi.

— Basi sehemu kubwa ya malighafi ni ya Uganda, na usagaji wenyewe umefanyika Uganda. Damu hiyo ni ya Uganda. Haihitaji cheti wala muhuri.

Badala ya kufurahi, Transit alibadilika rangi.

— Wakili, unaniambia mimi ni Mkenya nje na Mganda ndani?

— Nasema kwa mujibu wa ushahidi ulioutoa mwenyewe.

— Sasa nikirudi nyumbani jioni si nitakuwa naingiza mali ya Uganda Kenya? Kila siku? Tangu nianze hii kazi?

Akageuka kutazama upande wa geti la mpaka, kama mtu anayeona afisa akimjia.

— Pikapu inakuja saa nne, alisema Benedeta, bila kumlenga yeyote.

— Hiyo ya mpaka ni kitu kidogo, alisema Imalingat, akivuta kofia yake ya sufu nyuma. Mimi naogopa ya ukoo. Mtu akikupa damu yake, nyinyi sasa muko damu moja. Ni kweli ama si kweli?

— Ni dai, alisema Okedi. Endelea.

— Mimi nikipa Akullo damu, Akullo anakuwa dada yangu. Kama ni dada yangu, Okochi alioa kwangu. Sasa mimi nauliza: Okochi alikuja kwangu lini? Alileta ng'ombe gani? Hata kuku hapana leta.

— Daktari! Mtu yuko kitandani, wewe unaitisha mahari?

— Mimi siitishi, Transit. Mimi sitaki hata mkia. Lakini ukoo utaniuliza, "Imalingat, dada yako iko kwa mtu ya bure?" Nitajibu nini? Itabidi mimi naenda kwa Okochi na fimbo. Vita inaanza. Kwa sababu ya chupa moja.

Okedi aliinua mkono. Alikwisha kuona jambo zito zaidi, na mtu aliyesoma sheria akiliona jambo zito zaidi hawezi kulinyamazia, hata likiwa halimsaidii mtu yeyote.

— Tukubali kwa ajili ya mjadala tu kwamba damu inayotolewa huzaa undugu. Basi hatari haiko kwako, Daktari. Iko kwa Mama Nerima. Akimpa Akullo damu, watakuwa ndugu wa damu. Okochi atakuwa na dada wawili ndani ya ndoa. Mama Nerima, ukoo wa kina Okochi unaruhusu mtu kuoa dada wawili?

— Hauruhusu, alisema Benedeta. Kuna mmoja alijaribu, akafukuzwa pamoja na kigoda chake.

— Basi ndoa moja itabatilika.

— Ipi? aliuliza Transit kwa hamu.

— Hapo pana utata. Inaweza kuwa ya aliyetoa, kwa kuwa ndiye aliyetenda kwa hiari. Inaweza kuwa ya aliyepokea, kwa kuwa ndiye aliyebadilika.

— Ikiwa ni yangu, alisema Benedeta, naomba niambiwe mapema. Nilikuwa nataka kununua sabuni ya kufulia mashati yake.

Imalingat alipiga goti lake kofi.

— Ngoja! Ngoja kwanza! Na Okochi je? Okochi angetoa, si angekuwa kaka ya bibi yake mwenyewe?

Hata Okedi hakuwa ameliona hilo.

— Ndiyo maana alianguka, alisema Imalingat kwa sauti ya heshima. Sisi tunacheka yule mtu, kumbe mwili yake ilijua sheria.

— Mwili wake ulijua sindano, alisema Benedeta.

— Na mtoto? alisema Transit, ambaye sasa alikuwa amepona hofu ya geti. Hamjafikiria mtoto. Maziwa yanatoka kwa damu, ama? Nikitoa mimi, Akullo akinyonyesha, mtoto ananyonya Transit. Akifika miaka kumi na nane anavuka hapa kwa geti, anaitisha kitambulisho cha Kenya. Wakimuuliza baba ni nani, atasema nani?

— Umekwisha kukiri kwamba damu yako ni ya Uganda.

— Ile ya mchana! Ya chai na mandazi bado ni ya Kenya. Inategemea watachota saa ngapi.

— Ukitoa mchana mtoto ni Mganda, alisema Okedi polepole, na ukitoa alfajiri…

— Ni Mkenya. Si ndiyo nasema!

— Mimi hata siwezi, alisema Imalingat, akitikisa kichwa kwa huzuni ambayo Okedi aliishuku mara moja. Damu yangu iko na dawa. Mara kwa mara nakunywa dawa ya minyoo, ile ya mbuzi. Kidogo tu. Kipimo ya beberu.

— Daktari, unakunywa dawa ya mbuzi?

— Transit, mimi nauza dawa. Mteja anataka kuona nina imani. Sasa hiyo damu ikiingia kwa mama amejifungua jana, nani ajua? Anaweza kuamka pale wodini, anatafuta majani.

— Ni bora aamke akitafuta majani, alisema Benedeta. Ilimradi aamke.

Lori moja mbele ya foleni lilinguruma, likasogea kiasi cha urefu wa mkokoteni, likazimwa tena. Transit alikuwa amekwisha kuitoa simu yake.

— Sikieni. Siku hizi mambo hayafanywi hivi, watu watatu kwa benchi. Tufungue kikundi cha wasapu. Naandika: Damu ya Akullo. Naweka picha ya tone jekundu. Saa moja tu, tutakuwa na watu mia mbili humo.

— Nani ni mwenyekiti? aliuliza Imalingat.

— Mimi ndiye nimefungua.

— Wewe ni Mkenya. Mgonjwa iko Uganda. Mwenyekiti awe wa huku.

— Basi wewe uwe naibu.

— Mimi naibu ya mtu ambaye damu yake haijulikani?

— Kikundi kisicho na kanuni, alisema Okedi, ni mkusanyiko wa vurugu. Ni lazima kwanza kubainisha lengo, masharti ya uanachama, na namna ya kumwondoa anayetuma video za maombi.

— Tayari mtu wa kwanza ameingia! alisema Transit. Ametuma mikono ya kuomba. Wa pili naye, mikono. Ona, Mama Nerima, watu wana roho nzuri.

Benedeta aliinama akaitazama simu kwa makini.

— Mikono mingapi inajaza chupa?

Transit aliirudisha simu mfukoni.

Okedi aliona kwamba mjadala umepoteza msingi wake. Alikuwa amefundishwa kwamba kitendo hupimwa kwa dhamira yake, na dhamira ya Benedeta bado ilikuwa haijapimwa. Kwa miaka mingi ya kuandika mikataba alikuwa ameona kaka wakiwanyima dada zao viwanja na wajomba wakiapa uongo mbele ya watoto yatima, na alikuwa na hakika, hakika ya mtu aliyeona vielelezo vyote, kwamba nyuma ya kila mkono unaotoa kuna mwingine unaopokea. Alikaa wima.

— Mama Nerima, kwa ruhusa yako, naomba nikuulize maswali machache.

— Uliza huku unaniletea vikombe.

Okedi alivileta vikombe, jambo ambalo halikuongeza hadhi ya mahakama.

— Je, unampenda Akullo?

— Inategemea siku. Wakati fulani aliwachinjia wageni wake jogoo wangu bila kuniuliza. Siku hiyo sikumpenda.

— Kuna mtu aliyekulazimisha kwenda?

— Hakuna.

— Okochi amekuahidi kitu?

— Wakili, nina miaka kumi na tano na Okochi. Ahadi zake ningezipanda zingekuwa msitu.

— Basi faida yako ni ipi? Nisamehe, siulizi kwa ubaya. Sijawahi kuona mtu anayetoa kitu bila faida. Nikichimba, huwa naipata.

— Huhitaji kuchimba. Akullo ndiye anayekaa na mama mkwe. Akifa Akullo, mama mkwe anahamia kwangu, chumba kimoja, yeye na redio yake, na masikio yake hayasikii mpaka sauti ifike mwisho.

Okedi aliwageukia wenzake, uso umemng'aa.

— Mmesikia? Hii ndiyo tofauti kati ya uvumi na ushahidi. Huu si wema. Ni hofu ya redio.

— Sawa, alisema Benedeta, akiviweka vikombe kwenye beseni. Na Nerima wangu na mdogo wake wanakaa kwake Buteba, wanasomea kule. Sijawahi kusikia wamelala njaa, hata mwaka ule jua lilipochoma mihogo. Hiyo nayo ni faida. Na mimi nilipolazwa na malaria, Akullo alikuja hapa mjini, mtoto mgongoni, akauza kahawa kwa jina langu wiki nzima nisipoteze wateja. Aliipika vibaya.

— Ilikuwa chungu kama mwarobaini, alisema Imalingat.

— Mkainywa.

— Tulikunywa, alikubali Imalingat. Alikuwa anatutazama na macho ya kutia huruma.

— Hizo zote ni huduma, alisema Okedi, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Ni mabadilishano. Yeye alitoa, nawe unarudisha. Hakuna kilicho nje ya kanuni yangu.

— Sina ugomvi na kanuni yako, Wakili. Yaite mabadilishano. Yaite redio. Akullo anataka chupa tatu. Ukimaliza kuzipa jina zitakuwa bado ni tatu.

Okedi alikuwa na jibu, lakini lilikuwa la aina ile ambayo husikika vizuri zaidi katika chumba kisichokuwa na mama aliyesimama akikamua kitambaa.

Wakati huo mtu mrefu aliyevaa kandambili, taulo shingoni, alijitenga na kivuli cha lori la pili kwenye foleni akaja mpaka penye benchi. Alikuwa akinawa uso kwenye galoni yake tangu mjadala uanze, na hakuna aliyemtilia maanani.

— Mama, salaam. Mimi naitwa Erisa, natoka Jinja na mahindi. Kahawa iko?

— Imekwisha, ndugu yangu. Makaa pia nayazima. Leo nafunga mapema.

— Haina neno. Wacha nikae tu.

Akaketi kwenye ncha ya ubao. Upande wa pili wa ubao ukapanda kidogo pamoja na Imalingat. Erisa akauliza:

— Nasikia mnabishana tangu asubuhi. Ni kesi?

Transit ndiye aliyejitwika kueleza, na alieleza vizuri, kwa mpangilio: Akullo, chupa tatu, asili ya bidhaa, muhogo wa mchana, ng'ombe ambao Okochi hakuwaleta, dada wawili, ndoa ipi itakufa, mtoto wa mandazi, dawa ya beberu, na hofu ya redio. Erisa alisikiliza yote bila kukatiza, akitikisa kichwa pale panapostahili. Mwisho alijipangusa shingo kwa taulo.

— Nimeelewa. Sasa nyinyi, nani amewakataza?

— Kutukataza nini? aliuliza Transit.

— Kwenda kutoa.

Transit alitazama geti. Imalingat alitazama mbuzi wawili waliokuwa wakipita, kana kwamba wao ndio walioulizwa. Kisha wote wawili wakamtazama Okedi, kwa kuwa swali lilikuwa la kisheria na benchi lilikuwa na mwanasheria wake.

Okedi alitafuta. Alizipitia sheria za forodha za nchi zote mbili, kwa kadiri alivyozijua, na alizijua kuliko watu wengi. Alipitia Katiba. Alipitia desturi za Buteba, za Mella na za Nabuyoga kwa mjomba wake, akarudia mambo yote waliyoyasema tangu saa mbili, akitafuta mahali ambapo mtu yeyote mwenye mamlaka, akiwa hai au amekufa, aliwahi kusema kwamba Okedi asipande gari aende Tororo. Hakumpata. Alipokwisha kuyaondoa yote yasiyothibitishwa, mezani palibaki mtu mmoja tu aliyemkataza Okedi, naye alikuwa Okedi. Na sababu yake, ikivuliwa mapambo, ilikuwa kipande cha chuma chembamba chenye tundu.

Pikapu ya parokia ilifika huku viti vyeupe vya plastiki vimepandana nyuma kama mnara. Katekista aliyeiendesha aliizima, akashuka, akavuka barabara kwenda kununua maji.

— Lori yangu haitoki leo, alisema Erisa akisimama. Nimekaa hapa siku mbili, sijasogea. Mama, iko nafasi? Nakuja kutoa mimi. Angalau kitu moja yangu itavuka, hata kama lori haivuki.

Benedeta alimtazama kwa muda, mtu ambaye hakuwa amemuuzia hata kikombe.

— Nafasi ipo. Mungu akupe foleni fupi.

Erisa alipanda, akajipenyeza kati ya viti. Benedeta alifunga leso kiunoni, akalimwagia jiko maji ya mwisho. Hakuomba tena. Alikuwa amekwisha kuomba mara moja, na kwa kipimo chake mara moja ilitosha watu wazima.

— Mimi nitakulindia jiko, Mama Nerima, alisema Transit haraka. Kuna kontena nangoja, lakini jiko nitaliangalia.

— Na mimi nitasaidia yeye kuangalia, alisema Imalingat.

— Jiko limezimwa.

— Basi tutaangalia lisiibwe. Na hivi vikombe, sisi tutaosha.

— Mtaosha vikombe?

— Tutaosha, alisema Transit, na Imalingat akakubali kwa kichwa, kila mmoja akimtazama mwenzake aone nani ataanza.

Okedi alikuwa amesimama. Hakukumbuka kuamua kusimama. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake, kama afanyavyo mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

— Ningependa iwekwe wazi, alisema, kwamba nakwenda bila kukubali hoja ya undugu, wala ile ya asili ya bidhaa. Nakwenda pia bila kuathiri msimamo wangu wa jumla kuhusu faida. Kitendo changu kisije kikanukuliwa hapa kesho kuwa ni wema.

— Kitakuwa nini basi? aliuliza Transit.

— Kitaamuliwa baadaye, baada ya kusikiliza pande zote.

— Panda, Wakili, alisema Benedeta. Pande zote ziko nyuma kwenye viti.

Alipanda. Ilimbidi akanyage tairi kwanza, kisha goti la Erisa, kisha kiti ambacho kilijikunja na kumtupa juu ya kingine. Benedeta alifuata kwa urahisi wa mtu aliyezoea magari ya mizigo, akakaa upande wake wa kulia. Chini, Imalingat alikuwa tayari akimfundisha Transit namna ya kushika sponji. Erisa alifumba macho akaegemea mnara wa viti, kama mtu anayekwenda mapumzikoni.

— Wakili, alisema Benedeta baada ya muda, kwa sauti ya chini ili walio chini wasisikie. Unatetemeka.

— Ni gari.

— Katekista bado yuko dukani. Gari halijawashwa.

Okedi aliusikiliza ukimya wa injini. Aliupima ushahidi huo kila upande na hakuona namna ya kuupinga. Akashika ukingo wa pikapu kwa mikono miwili, akakaza, na hakushuka.